Mbeleko na Ujira: Yaya katika Historia ya Nyumba Zetu

Tunapotaja utamaduni wa taifa, mawazo yetu hukimbilia ngoma, mashairi, michongo, mavazi na sherehe za jando na unyago. Haya yote ni utamaduni, nayo yanastahili heshima yake. Lakini utamaduni wa watu hauishi uwanjani tu, mahali pa kutazamwa. Huishi pia ndani ya nyumba, katika namna mwenye nyumba anavyosema na yule aliye chini ya mamlaka yake, na katika namna mtoto mchanga anavyobebwa, anavyolishwa na anavyobembelezwa. Makala haya yanakusudia kueleza habari za mtu ambaye hatajwi sana katika vitabu vyetu vya historia, ingawa amewalea wengi wa wale walioviandika. Mtu huyo ni yaya.

Wengi wetu tumepata kusikia malalamiko ya kina mama na kina baba wa mijini: yaya hakai, yaya ni mvivu, yaya ameondoka alfajiri bila kuaga. Kina yaya nao wana malalamiko yao, ila hayo husikika mara chache kwa kuwa hayana baraza la kusemewa. Watu hudhani kwamba ugomvi huu ni jambo la tabia ya mtu na mtu, na kwa sehemu ni kweli. Lakini sehemu kubwa ya ugomvi huo imetoka mbali, na asiyejua ulikotoka hawezi kuutengeneza. Nitajaribu kuonyesha kwamba katika kila zama nyumba zetu zimempa mlezi jina la jamaa, na kwamba mara nyingi jina hilo limewekwa mahali pa haki yake. Nitaonyesha pia kwamba mila zetu zenyewe, zikiangaliwa vizuri, hazikukusudia hivyo.

Majina ya mlezi

Yafaa tuanze na majina, kwa sababu jina la mtu hutuambia amewekwa wapi. Neno letu la asili ni mlezi, litokanalo na kulea. Ni neno pana na lenye heshima: mzazi ni mlezi, mwalimu ni mlezi, na chama huweza kuwa na mlezi wake. Neno yaya lina safari ndefu zaidi. Wareno walikuwa na neno aia, maana yake mwanamke anayetunza watoto wa wakubwa. Neno hilo lilifika India, likawa aya, na Waingereza waliotawala huko wakalichukua kwa ajili ya wanawake wa Kihindi waliowalelea watoto wao. Kwetu tumelipokea, tukalitamka yaya. Katika Kiswahili cha Kongo, kama ilivyo katika Kilingala, liko neno jingine lenye sauti hiyo hiyo, nalo maana yake ni kaka au dada mkubwa. Hivyo neno moja kwa masikio, katika nchi mbili jirani, hutaja huku jamaa na kule mtumishi.

Wakati wa ukoloni likaja neno boi, na baadaye hausigeli. Siku hizi nyumba nyingi hupendelea kusema dada, binti, au dada wa kazi. Vijana wa mjini nao wamebuni jina lao la mzaha, beki tatu, kana kwamba nyumba ni timu ya mpira na yeye amewekwa nyuma kuzuia mabao.

Deni la tumbo na deni la mgongo

Wazee walisema: mkono mmoja haulei mwana. Walisema pia: kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Methali hizi hazikuwa pambo la mazungumzo. Zilitokana na maisha ya watu waliojua kwamba mwanamke aliyejifungua hawezi kulima, kuteka maji, kutwanga na kushika mtoto kwa wakati mmoja. Kwa hiyo katika jamii zetu nyingi mzazi hakuachwa peke yake. Binti wa dada yake, au mdogo wa mumewe, aliletwa akae naye. Aghalabu alikuwa mtoto bado, na kazi yake ilikuwa kumbeba mchanga wakati mama yuko shambani, kumfukuzia nzi, kumbembeleza na kumpeleka kunyonya alipolia.

Binti huyo hakulipwa fedha. Hata hivyo hakuwa mtu wa bure. Alivishwa, alilishwa chungu kimoja na wenziwe, alifundishwa kazi za mikono, na alipofika umri wa kuolewa nyumba aliyoitumikia ilikuwa na wajibu wake katika arusi yake. Jambo kubwa zaidi ni kwamba wazazi wake walijua aliko, na njia ya kurudi kwao ilikuwa wazi. Akipigwa bila kosa au akinyimwa chakula, palikuwa na shangazi wa kuuliza na mjomba wa kufoka. Undugu ulikuwa na wadhamini. Hili tulikumbuke, maana tutalirudia.

Katika ndoa za pwani, pamoja na mahari, ziko ada ambazo bwana arusi hutakiwa kuzitoa. Kilemba hutolewa kwa upande wa baba. Mkaja hutolewa kwa mama, na asili yake ni nguo ambayo mzazi hujifunga tumboni baada ya kujifungua. Mbeleko nayo asili yake ni nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Tutafakari jambo hili. Wazee walioweka ada hizi walijua kuhesabu. Hawakusema kwamba kuzaa na kubeba ni kitu kimoja. Walitenga deni la tumbo na deni la mgongo, kila deni wakalitaja kwa jina lake na kulipangia malipo yake. Kwa hiyo mtu asemaye kwamba malezi ni mapenzi tu, na kwamba kuyatajia malipo ni uroho wa kizungu, hazijui mila anazozitetea.

Walezi katika zama za utumwa

Biashara ya utumwa ilipostawi katika pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 19, kazi ya kubeba watoto wa matajiri ilihamia mikononi mwa wajakazi. Wengine waliletwa kutoka bara wakiwa watoto, wengine walikuwa wazalia, yaani watumwa waliozaliwa pwani. Katika nyumba kubwa za Unguja, Mombasa na Lamu, mwanamwali wa kiungwana aliweza kukua akijua harufu ya nguo ya mlezi wake kuliko ya mama yake mzazi. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, na ambaye baadaye aliolewa na Mjerumani akaitwa Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1886. Humo alieleza namna watoto wa jumba la kifalme walivyokabidhiwa walezi tangu uchanga.

Baadhi ya walezi hao walinyonyesha watoto wa mabwana zao. Katika sheria ya Kiislamu, kwa madhehebu ya Shafii yanayofuatwa na wengi wa pwani, mtoto akinyonyeshwa na mwanamke mara tano kabla hajatimiza miaka miwili, mwanamke huyo huwa mama yake wa kunyonya, na watoto wake huwa ndugu zake asioweza kuoana nao. Hapa pana ajabu kubwa. Sheria ilimtambua mjakazi kuwa mama wa mtoto wa kiungwana, na katika nyumba hiyo hiyo mama huyo aliweza kumilikiwa na baba wa mtoto, akauzwa au akarithiwa. Jina la jamaa lilikuwepo, tena lilikuwa na nguvu ya sheria, lakini halikumpa uhuru.

Fasihi yetu nayo imeiweka kumbukumbu ya mpaka huo. Mwana Kupona binti Mshamu, katika utenzi alioutunga kiasi cha mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, anamwonya binti huyo asichanganyike na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Tunausoma utenzi huo kwa uzuri wa lugha yake na kwa mapenzi ya mama kwa mwana, na ni haki tuusome. Lakini msomaji mwangalifu atajiuliza: ni nani aliyembeba binti huyo alipokuwa mchanga? Mpaka aliochorewa ukubwani haukuwepo alipokuwa mgongoni.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, ingawa masuria hawakuguswa na sheria hiyo mpaka mwaka 1909. Katika pwani ya Kenya ilifutwa mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Pale Unguja mtumwa alitakiwa aende mwenyewe kudai uhuru wake, na fidia ililipwa kwa wenye watumwa, si kwa watumwa. Mlezi aliyezeeka katika nyumba ya watu, asiyejua kijiji alikotekwa, na ambaye watoto pekee aliowajua ni wale aliowalea, angekwenda wapi? Wengi walibaki. Waliitwa watu wa nyumba. Walipewa chumba cha uani na chakula, na siku walipokufa walizikwa kwa heshima. Hatuwezi kuidharau heshima hiyo, lakini pia hatuwezi kuiita malipo ya miaka arobaini.

Boi na aya

Wakoloni walileta ujira wa fedha, wakaleta na dharau yake. Wajerumani walianzisha kodi ya nyumba mwishoni mwa karne ya 19, na Waingereza waliokuja baada yao waliendelea kutoza kodi. Wanaume wakalazimika kutafuta fedha mashambani, bandarini na katika nyumba za Wazungu na Wahindi. Kwa sababu hiyo, katika Tanganyika ya ukoloni kazi za nyumbani zilifanywa zaidi na wanaume. Wanawake walibaki vijijini wakilima, na wazazi wengi hawakuridhia binti zao walale katika uwanja wa mgeni. Alikuwepo mpishi, alikuwepo dobi, na alikuwepo boi. Neno boi limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya mtoto wa kiume, na mzee mwenye wajukuu aliitikia jina hilo asubuhi na jioni. Wanawake wachache walioajiriwa kulea watoto, hasa mijini, waliitwa aya.

Mtumishi alilala katika banda nyuma ya nyumba kubwa. Alipoachishwa kazi alitegemea barua ya bwana wake. Barua ikisema vizuri alipata kazi nyingine, ikisema vibaya alitembea mitaa yote ya Oyster Bay bila kufunguliwa mlango, na mara nyingi yeye mwenyewe hakuweza kuisoma. Kenya, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwanaume wa Kiafrika alilazimishwa kuchukua kipande, ambacho mwajiri alikitia sahihi, na bila sahihi hiyo hakuweza kuajiriwa kwingine.

Lakini watumishi hao hawakukaa kimya. Kufikia miaka ya 1940, wapishi, madobi na watumishi wa nyumbani wa Dar es Salaam walikuwa wamekwisha unda chama chao. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa Tanganyika lilipoundwa mwaka 1955, Rashidi Kawawa akiwa katibu mkuu wake, watumishi wa majumbani na hotelini walikuwa miongoni mwa waliojipanga, na mwezi Desemba 1956 waligoma mjini Dar es Salaam. Inafaa wanafunzi wajue kwamba mapambano ya Uhuru hayakufanywa na wasomi na wakulima peke yao. Yalifanywa pia na watu waliopika chai ya gavana.

Baada ya Uhuru

Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961, mambo mawili yalibadilika polepole ndani ya nyumba. La kwanza, Waafrika wenyewe wakawa makarani, walimu, wauguzi na maofisa, na wanawake wakaingia maofisini na viwandani kwa wingi kuliko zamani. Nyanya alikuwa kijijini, shangazi alikuwa kijijini, na mama alitakiwa kazini saa moja na nusu asubuhi. Hata leo sheria humpa mama siku 84 za likizo ya uzazi. Siku ya themanini na tano, mtoto asiyejua kukaa hubaki na nani?

La pili ni elimu. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliamua kuharakisha elimu ya msingi kwa wote, na kufikia mwaka 1977 shule zilikuwa zimefunguliwa nchini kote. Ilikuwa kazi kubwa ya taifa. Lakini nafasi za sekondari zilikuwa chache mno. Maelfu ya wasichana walimaliza darasa la saba wakijua kusoma na kuhesabu, wakarudi nyumbani kungoja. Wengi wa hao, kutoka mikoa kama Iringa, Singida na Dodoma, walipanda basi kwenda mijini kulea watoto wa watu. Kazi ambayo zamani za ukoloni ilikuwa ya mtu mzima mwanaume ikawa ya msichana.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa limetufundisha kukataa unyonyaji wa mtu kwa mtu, na neno ndugu likawa ndilo la kuitana. Tukaona haya kusema boi. Tukasema dada. Hapana shaka wengi walisema hivyo kwa nia njema. Lakini tumkumbuke yule binti wa kale aliyeletwa kumlea mtoto wa dada wa mama yake. Yeye alikuwa na shangazi wa kuuliza na mjomba wa kufoka. Binti wa mjini aliitwa dada na watu wasiomjua babu yake. Alipewa jina la undugu bila wadhamini wa undugu. Na kwa kuwa ni dada, hakuandikiwa mkataba. Kwa kuwa ni dada, hakuwa na saa ya kumaliza kazi. Kwa kuwa ni dada, ilionekana ni utovu wa adabu kuulizia mshahara wake.

Kisa cha nyumbani mwangu

Sitawasema wengine nikajiacha mwenyewe. Mwaka 1997 mke wangu alijifungua mtoto wetu wa pili, mwanamke. Nilikuwa karani wa serikali mjini Morogoro. Jirani mmoja alitutafutia binti aliyemaliza darasa la saba, mwenye miaka kumi na sita. Baba yake alimleta mwenyewe kwa basi. Tukanywa chai, tukapatana shilingi 8,000 kwa mwezi, nami nikamwambia mzee yule kwamba fedha nitazitunza mimi ili binti asizichezee, na siku ya kuondoka atapewa zote. Mzee alishukuru. Sikuandika chochote.

Alikaa nasi miaka minne na miezi mitatu. Alimbeba mtoto wetu, alimuuguza malaria mara mbili, alimfundisha kusema shikamoo. Sisi tulimwita mwanetu, na mbele ya wageni nilipenda kusema kwamba katika nyumba yangu hakuna mtumishi. Siku aliposema anataka kwenda kujifunza ushonaji, nilimwita sebuleni, nikampa shilingi 150,000, doti mbili za khanga na sanduku jipya, pamoja na hotuba ndefu kidogo. Alipiga magoti, akapokea kwa mikono miwili.

Asubuhi yake alikuja na daftari la shule lenye jalada lililochakaa. Ndani mlikuwa na mistari hamsini na mmoja, mstari mmoja kwa kila mwezi, na pembeni fedha alizowahi kuchukua: nauli ya kwenda msibani, viatu, dawa ya mama yake. Jumla ya ujira ni shilingi 408,000. Alizokwisha chukua ni 36,000. Pamoja na zile 150,000 nilizompa, alikuwa akinidai 222,000. Akasema, macho yakiwa chini, “Baba, kwa khanga na sanduku nashukuru sana. Lakini hii ndiyo hesabu mliyopatana na baba yangu.”

Nilikasirika. Nilisema kuhusu shukrani ya punda maneno ambayo sitayarudia hapa. Yeye hakujibu. Mke wangu ndiye aliyelichukua daftari, akalisoma ukurasa kwa ukurasa, kisha akaniambia, “Baba watoto, tafuta mstari wenye kosa.” Nilitafuta, sikuuona. Ukweli ni kwamba fedha zile sikuwa nimezitunza. Zilikuwa zimelipa kodi ya nyumba na ada ya shule ya mwanangu mkubwa. Mtoto wa mtu mwingine alikuwa amenikopesha kwa miaka minne bila kuulizwa. Nilimlipa shilingi 37,000 kila mwezi kwa miezi sita, nikipeleka kwa mkono wangu hadi alipokuwa akijifunza ushonaji, na katika miezi hiyo sita nilijifunza zaidi kuhusu usawa kuliko katika semina zote nilizohudhuria.

Mambo yanayojenga uhusiano mwema

Kutokana na historia hii, na kutokana na daftari lile, yako mambo machache ambayo kila nyumba yaweza kuyafuata.

Kwanza, mapatano yawe wazi na yaandikwe: kazi zipi, saa ngapi, ujira kiasi gani, siku gani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikumtenga mfanyakazi wa nyumbani. Inakataza kumwajiri mtoto chini ya miaka 14, inaweka saa 45 za kawaida kwa juma, saa 24 za mapumziko kila juma na siku 28 za likizo ya mwaka. Amri ya mishahara ya mwaka 2013 ilimwekea mfanyakazi wa nyumbani wa kawaida, anayelala kwa mwajiri, kima cha chini cha shilingi 40,000 kwa mwezi, na ile ya mwaka 2022 ikakipandisha kuwa shilingi 60,000. Vyama vya wafanyakazi navyo vipo. CHODAWU, kilichoanzishwa katika miaka ya 1990, huwapokea wafanyakazi wa majumbani. Na mwezi Juni 2011, mkutano wa Shirika la Kazi Duniani mjini Geneva ulipitisha Mkataba Namba 189, unaotamka kwamba kazi ya nyumbani ni kazi kama nyingine.

Pili, ujira ulipwe siku yake, mkononi mwa aliyeufanyia kazi. Mwenye nyumba asijifanye benki. Akitaka kweli kumsaidia binti kuweka akiba, amfungulie akaunti kwa jina lake mwenyewe, na kitabu chake akae nacho yeye.

Tatu, asivunjiwe heshima mbele ya mtoto. Wahenga walisema kwamba mwana hutazama kisogo cha nina. Saa nyingi za mchana kisogo anachokitazama mtoto ni cha yaya. Mama akimtukana yaya mchana, hawezi kumtaka mtoto amtii yaya jioni. Mtoto afundishwe kumwamkia na kumwita kwa adabu. Likiwapo kosa, lisemwe faraghani, kwa maneno machache, na kitu kikipotea asituhumiwe kabla ya kutafutwa.

Nne, yaya ana haki ya kula, kulala na kuugua kama watu wengine. Asiwe wa mwisho kulala na wa kwanza kuamka siku zote. Apewe siku yake ya kwenda kanisani, msikitini, au kwa jamaa zake. Nyumba ijue jina la kijiji chake na simu ya wazazi wake, na wazazi hao waweze kuzungumza naye wakati wowote. Kwa njia hii tutakuwa tunamrudishia wale wadhamini ambao mjini hana.

Tano, na hili ni la yaya mwenyewe: kazi yake ni amana. Mtoto akianguka, aseme ameanguka. Akikataa kula, aseme. Asimpige wala kumtisha kwa majini ili alale. Akitaka kuondoka aage mapema, ili mtoto asiamke akakuta mgongo aliouzoea haupo. Haki na wajibu ni mapacha, na mwenye kulipwa vizuri ana uso wa kuulizwa.

Wako watakaosema kwamba mapatano ya maandishi yataua undugu wetu wa Kiafrika. Nimewasikia, na wakati mmoja nilikuwa mmoja wao. Nawajibu kwa jambo moja tu. Mwaka 2022 yule mtoto aliyezaliwa Morogoro aliolewa. Siku ya kupokea ada, mke wangu alisema mbele ya wazee kwamba mkaja ni wake, lakini mbeleko ina mwenyewe. Palikuwa na ubishi. Mzee mmoja alisema haijapata kuonekana. Mwingine akauliza, aliyebeba ni nani? Mwishowe akaitwa fundi cherehani mmoja, mama wa watoto watatu sasa, akakalishwa mkekani pamoja na shangazi za bibi arusi, akapewa mbeleko. Aliipokea, akajifunga kiunoni, akaingia chumbani kumtazama mwanawe. Laiti lile daftari lingebaki bila kulipwa, nani kati yetu angekuwa na uso wa kumwita? Ujira uliolipwa ndio uliomwezesha kuwa jamaa yetu.

Mwalimu utakayesoma makala haya na wanafunzi wako, waulize ni nani aliyewafulia sare walizovaa leo. Nawe mwanafunzi, huenda ni binti wa umri wako, aliyemaliza shule pamoja na wewe kwa mwaka mmoja, ila hakupata nafasi uliyoipata. Historia ya taifa imo pia katika nyumba yenu. Rudi ukamwamkie, umuulize jina la kijiji chake, na kama hajui kuandika hesabu ya miezi yake, kaa naye jioni umfundishe.